Bima ilikuwa hai, jina halikuwa langu

Mi ni mwalimu wa sekondari, naishi Buhongwa nafundisha upande wa Kisesa, na mtu anayeijua Mwanza hapo tayari kashanihurumia. Njia ya kukatiza Kishiri ukatokee Igoma wakati huo ilikuwa vumbi kiangazi na utelezi masika, kwahiyo mara nyingi nilikuwa naingia mjini kwanza ndo natoka tena na gari za Kisesa, magari mawili kwenda mawili kurudi, na kipindi cha kwanza kinaanza saa moja na nusu. Mwisho wa 2023 kikoba chetu kikavunja, nikaongezea na mkopo wa saccos, nikawa na milioni kumi na moja na laki tano. Nikasema sasa basi, nanunua gari.

Nilitaka Toyota IST. Sio kwamba naipenda sana kwa sura, ila kila fundi aliye chini ya mwembe anaijua na mafuta hainywi kwa fujo. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akasema shem mi nakusindikiza usije ukapigwa. Shemeji anajua magari kweli lakini anayajua kwa kuendesha, sio kwa kufungua, na hiyo tofauti nimeielewa baadae sana.

Dalali alituletea IST namba D, rangi ya fedha, safi, matairi yamepakwa ile dawa ya kung'arisha mpaka yanateleza. Tulifika saa sita mchana. Gari imewashwa tayari, inanguruma taratibu, AC inapuliza baridi. Dalali akafungua boneti akasema dada yangu sikiliza hiyo injini, imetulia kama maji mtungini, cc 1,490, mwenyewe alikuwa anaenda nayo kanisani tu Jumapili. Shemeji akakanyaga mafuta mara mbili, akajaribu redio, akapiga honi, akaniangalia akatikisa kichwa kwamba iko vizuri. Nikauliza kuhusu bima. Dalali akatoa simu, akaingia kwenye mfumo wa TIRA, ile mamlaka inayosimamia bima, akaandika namba ya gari, akanigeuzia kioo, unaona dada, iko hai mpaka Mei mwakani, yani hapo umeokoa hela. Na kweli ilikuwa hai. Nilisoma tarehe. Aina ya bima nayo ilikuwa imeandikwa palepale, sikuisoma.

Tukamalizana kwa milioni kumi na moja kamili. Mkataba tuliandikishana kwa wakili, hapo nilijiona mjanja. Kadi ya gari nikapewa mkononi. Jina lililokuwa kwenye kadi halikuwa la yule aliyeniuzia, akasema ni la mtu aliyemuuzia yeye, hajawahi kubadilisha, ila haina shida tutaenda TRA, mamlaka ya mapato, siku yoyote ukiwa na nafasi. Siku yoyote. Mwalimu gani ana siku yoyote Novemba, mitihani ya kidato cha nne ndo inaendelea? Nikaweka kadi kabatini nikaanza kuendesha.

Wiki ya pili nikaanza kusikia harufu. Jua likiwaka gari ikasimama uwanjani shuleni mpaka saa nane, nikifungua mlango inanipiga harufu ya mwalo, pale wanaposhushia samaki. Nikaosha, nikaweka manukato ya kuning'iniza, ikawa harufu ya mwalo yenye manukato. Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa Nyegezi ambaye walimu wenzangu wanamwamini, mtu wa makamo, mpole, anaongea kisukuma na vyuma kabla hajavigusa. Hakufungua injini. Alifungua buti, akatoa zulia, akatoa tairi la spea, akaniita, mayu njoo uone. Kwenye lile shimo la tairi kulikuwa na mchanga, kutu imeanza kula bati pembezoni, na magamba ya samaki yamegandia kama kucha zilizokatwa, mengi. Akachukua moja kwa ncha ya bisibisi akalitazama kwenye mwanga. Sato huyu, akasema. Kanisani Jumapili!

Ndo akanifundisha vitu ambavyo ningevijua mwezi mmoja kabla nisingekuwa naandika haya. Kwanza akaniuliza mlipoenda kuiona injini ilikuwa ya baridi au ya moto, nikasema ilikuwa inaunguruma tayari. Akacheka. Gari ya kununua unaifuata alfajiri, wewe mwenyewe uliwashe likiwa limelala usiku kucha, maana injini ya baridi haina siri, kama cheni imelegea utaisikia inachachatika sekunde za kwanza, kama inakula oili moshi wa bluu utatoka nyuma hapohapo, ukikuta boneti ina joto jua kuna mtu kawahi kuliko wewe. Halafu unakata usukani mpaka mwisho unatembea taratibu, ukisikia ka-ka-ka ni sivijointi, zile jointi zinazozungusha tairi za mbele. Halafu unakanyaga breki unatia gia ya mbele, unatia rivasi, isishtuke. Na zulia la buti unafunua, maana watu wanaosha gari juu, chini hawafiki.

Kisha akasogea mbele akanionesha kibati cha chesi. Imeandikwa NCP60. Akauliza dalali kakwambia cc ngapi, nikasema 1,490. Akasema mwalimu, NCP60 ni injini ndogo, ya 1,300, ile ya 1,500 ni NCP61, na NCP65 ndo inayovuta tairi zote nne. Kadi inasemaje? Nikatoa kadi kwenye mkoba. 1,290. Ilikuwa imeandikwa wazi kabisa kwa wino mweusi na nilikuwa nimeishika mkononi siku ile wakati dalali ananidanganya. Fundi hakusema kitu, akaendelea kufuta mikono.

Sio kwamba injini ndogo ni mbaya, kwa mzunguko wangu inatosha. Kilichoniuma ni kwamba nasahihisha insha za watoto mistari arobaini na tano kila siku, kosa la herufi moja silikosi, halafu karatasi ya milioni kumi na moja nikaisoma kwa masikio.

Sasa breki. Januari zikaanza kulia, fundi akasema pedi za mbele zimekwisha, orijino mpya zitakugharimu kama elfu sabini na tano hivi. Wakati huo yeye alikuwa anaenda msibani Sengerema. Mi nikaingia mjini mwenyewe, duka la kwanza wakasema themanini, la pili wakasema zipo za ishirini na mbili, boksi zuri, lina maandishi ya Kijapani na kijirangi kinachometameta ukigeuza. Nikaona huyo wa kwanza ni mwizi. Kijana mmoja pale barabarani akanifungia kwa elfu kumi, kelele zikaisha, nikafurahi kweli.

Machi 2024, Jumamosi, mvua, natokea nyumbani naenda mjini. Kabla ya Mkuyuni, mbele yangu kuna Hiace ya abiria, konda kaning'inia mlangoni. Ikasimama ghafla kuchukua mtu. Nikakanyaga. Siwezi kuapa kwamba pedi ndo zilisababisha, maana nilikuwa nimeisogelea mno na lami ilikuwa imelowa, ila nachokumbuka ni kwamba mguu ulifika chini na gari ikaendelea kwenda tu, haina haraka, kama mtu anayekuja kukusalimia. Puu. Boneti ikakunjika katikati kama chapati. Mvuke ukatoka.

Konda akashuka, mama umetuua! Hakufa mtu, namshukuru Mungu, hata wa kuchubuka hakuwepo. Aliyepata hasara ya papohapo ni mama mmoja alikuwa na tenga la nyanya siti ya nyuma, nyanya zikawa juisi, nikamlipa elfu kumi na tano akasema asante mwanangu pole na wewe. Ndo mtu pekee aliyeridhika siku ile. Trafiki wakaja wakapima, wakachora, wakaandika. Faini elfu thelathini, kosa ni langu sikubisha, anayegonga kwa nyuma ana kazi ngumu ya kujitetea. Mwenye Hiace akafika na pikipiki, mlango wa nyuma umebonyea na taa zote mbili zimepasuka. Mi nikamwambia kwa kujiamini kabisa, kaka usiwe na wasi, bima ipo.

Jumatatu nikaenda ofisi ya bima na ripoti ya polisi. Pale kaunta kakaa binti, kuniona tu akasimama, madam shikamoo! Nilimfundisha kidato cha tatu na cha nne, alikuwa anakaa dirishani, mtaratibu. Nikaona mambo yameisha. Akaandika namba ya gari kwenye kompyuta, akasoma, akanyamaza, akasoma tena. Akageuza kioo kidogo nione.

Madam, hii bima sio ya kwako.

Lilikuwa jina la yule aliyeniuzia. Nikamwambia ndio, huyo kaniuzia gari na bima ikiwa ndani yake. Akaniambia kwa adabu ileile ya darasani, madam, bima haiuzwi na gari. Bima ni mkataba wa kampuni na mtu, sisi tulikubaliana na yule baba, tunajua leseni yake, tunajua gari anaitumiaje. Gari ikija kwako mkataba haukufuati mpaka sisi tuambiwe na tukubali, na ungekuja siku uliyonunua tungeandika karatasi moja tu. Nikauliza na hii ya mfumo inayosema iko hai? Iko hai madam, ila sio kwako.

Nikakaa kwenye kile kiti cha plastiki. Akaendelea, na hata ingekuwa ya kwako, hii ni bima ndogo. Ingemtengenezea yule mwenye Hiace, ya kwako usingepata hata taa. Hapo ndo nikajua mi miaka yote neno bima nilikuwa naelewa kama ni dawa, unakunywa unapona. Kumbe kuna bima ndogo, thadi pati, ambayo kwa gari ya mtu binafsi wakati huo ilikuwa laki moja na kodi yake ya asilimia 18 inakuwa 118,000, hiyo ndo ya lazima kisheria na inamlinda uliyemuumiza. Na kuna bima kubwa inayokulinda na wewe, gari likigongwa, likiungua, likiibiwa, na hiyo inakokotolewa kwa thamani ya gari. Watu wengi tunaokata ndogo tunakata ili trafiki asitusumbue, tukimaliza kulipa hatuulizi tumelipia nini.

Mwenye Hiace nilimlipa laki nne na themanini kwa mafungu matatu, tukaandikishana, kila fungu na sahihi yake. Ya kwangu ikalala uani wiki sita.

Katika hizo wiki sita nikaamua kadi kwanza ibadilike, maana bila jina langu kwenye kadi kila mlango nilioubisha waliniuliza kitu kilekile. Aliyeniuzia alikuwa msumbufu wa simu, ila jina la kwenye kadi lilikuwa la mzee mmoja wa Nansio. Nikapanda meli asubuhi na karatasi zangu kwenye bahasha, nimezifunga kwenye mfuko wa nailoni zisilowe, nikakaa pembeni ya magunia ya mihogo mpaka Ukerewe. Mzee nikamkuta nyumbani anakarabati nyavu. Nikasalimia, nikajieleza, akavua miwani. Kumbe bado inatembea? Hiyo gari nimebebea sato mpaka nikaionea huruma. Nikacheka mpaka machozi, sijui ni ya nini. Alikuwa mtu mwema, alitafuta mkataba wake wa zamani aliomuuzia yule wa pili, akaweka sahihi kila nilipomwonesha, akanipa na samaki wawili wa kuondoka nao. Nikawaweka kwenye mfuko, sikuwa na gari ya kuwabebea.

TRA nilipolipa mimi ilikuwa 50,000 ya uhamisho, 10,000 ya kadi mpya, na ushuru wa stempu asilimia moja ya bei, yani 110,000 kwangu. Laki moja na sabini jumla. Ningeilipa Novemba. Na kabla ya hapo nikaambiwa niangalie madeni, kwenye mfumo wa polisi wa faini kulikuwa na faini tatu sio zangu na kwenye maegesho ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, deni la miezi, maana hayo yanaifuata namba ya gari, hayajali nani alikuwa kwenye usukani. Hayo ya kuangalia unaweza kufanya kwa simu umesimama mbele ya dalali, dakika tatu. Nililipa nikanyamaza.

Sasa spea. Fundi aliporudi kwenye gari yangu kitu cha kwanza alichofungua ni tairi la mbele, akatoa zile pedi za ishirini na mbili. Zilikuwa na miezi miwili. Akachukua ufunguo wa kawaida akakwaruza, ikatoka unga kama chaki, pembeni ile nyama ya pedi imeanza kuachia bati lake. Akanipa nishike moja yangu na moja kuukuu ya orijino aliyokuwa nayo kwenye kopo, ile kuukuu iliyokwisha nusu ilikuwa nzito kuliko yangu mpya. Hakuninyooshea kidole. Akasema tu mwalimu, boksi lilikuwa linameta, eh?

Halafu akanipa somo ambalo mpaka leo naliona ni zuri kuliko semina zote nilizohudhuria. Spea ya Toyota ina namba yenye sehemu mbili, tano kistari tano. Tano za mwanzo zinakwambia kitu ni nini, tano za mwisho zinakwambia ni cha gari gani. Pedi za mbele zinaanza na 04465. Filta ya oili 90915. Shokapu ya mbele kulia 48510, kushoto 48520. Filta ya hewa 17801. Ukishajua hivyo, unapiga picha kibati cha chesi, unakwenda dukani unasema nataka pedi za chesi hii, muuzaji wa kweli anaingia kwenye kitabu au simu anatafuta namba, muuzaji wa ovyo anakuuliza IST ya mwaka gani halafu anavuta boksi lililo karibu. Na orijino sio lazima kila mahali. Bampa, shoo ya mbele, fenda, kioo cha pembeni chukua mtumba wa Japani, ni bora kuliko mpya nyepesi isiyo na kwao. Rejeta mtumba hapana, hujui imekula maji ya wapi. Breki, bolijointi, taidirodi, yani viungo vya tairi za mbele na usukani, hivyo ni vitu vya kulala usingizi, usivitafutie bei.

Nikamuuliza na nyie mafundi mnapotupeleka dukani? Akatabasamu, akasema ukweli mwalimu, duka linatupa cha juu, ndo maana nakufundisha namba, ukiijua namba nenda kanunue mwenyewe popote, mi nitakula ufundi wangu. Sijawahi kumsikia fundi mwingine anakiri hivyo mchana kweupe. Na toka siku hiyo nikibadilishiwa kitu naomba cha zamani nirudi nacho nyumbani, sina kazi nacho, ila fundi akijua utakiomba anakifungua kweli. Oili vilevile, injini hii inataka kama lita tatu na nusu na ushee, dukani unauziwa galoni ya lita nne, hicho kinachobaki ni chako sio cha gereji.

Bampa nilikosea hata baada ya somo hilo, nilinunua mtumba mjini nikafika nayo Nyegezi kwenye bajaji imetoka nje pande zote mbili kama mbawa, ikawa ya toleo la baada ya mabadiliko ya 2005, yangu ya kabla. Nikairudisha kwa bajaji ileile. Boneti ilibidi itoke Dar, ikapanda basi usiku, zaidi ya kilomita 1,000, ikafika Nyegezi stendi imefungwa blanketi kama mgonjwa. Jumla matengenezo yalikula milioni moja na laki nne.

Kadi ilipotoka na jina langu nikarudi kwa mwanafunzi wangu. Nikasema nataka bima kubwa. Akapiga hesabu mbele yangu, asilimia tatu na nusu ya milioni kumi na moja ni 385,000, ongeza kodi 69,300, inakuwa 454,300. Nikashtuka kidogo. Kulikuwa na wakala mmoja mtaani, sio ofisi ile, kaniambia mwalimu andika thamani ndogo, nani anajua. Nikamuuliza binti. Akasema madam kuna mwalimu mwenzenu alifanya hivyo, gari ya milioni kumi na mbili akaandika nane, akaokoa 165,200. Akapata ajali, matengenezo milioni tatu. Kampuni ikasema umekatia theluthi mbili ya gari, tunakulipa theluthi mbili ya hasara, milioni mbili, na hapo bado hujatoa ile eksesi, sehemu ambayo kila mteja anabeba mwenyewe. Akatulia kidogo akasema, hesabu za uwiano madam, si ulitufundisha? Mi nafundisha Kiswahili ila sikumsahihisha.

Nikasoma karatasi zote, mstari kwa mstari, pale pale kaunta, watu wanasubiri nyuma. Nikakuta pameandikwa matumizi binafsi. Nikauliza hii inamaanisha nini hasa, maana shemeji alikuwa na wazo lake, kwamba likizo nimpe kijana aifanye mchomoko, gari ndogo ya kubeba abiria, Buhongwa Misungwi aniletee hesabu elfu ishirini kwa siku, hela ya bima irudi. Binti akasema siku ukipakia abiria wa nauli na namba yako ya njano ya gari binafsi, ukapata ajali, bima hii ni karatasi tu. Abiria wakisema polisi walilipa nauli, na watasema, ndo imeisha. Jirani yangu wa Buhongwa yamemkuta hayohayo, Probox yake mpaka leo iko kwenye matofali. Nikamwambia shemeji hapana. Alininunia kama siku tatu hivi.

Desemba iliyopita tulikwenda Sengerema kwenye harusi, safari yangu ya kwanza kupita daraja jipya la Kigongo Busisi, kilomita tatu juu ya maji, nikakumbuka foleni za kivuko na mayai ya kuchemsha. Watoto wanahesabu nguzo. Tumeshashuka ng'ambo, lori la mchanga likatupita, tak! Kijiwe. Kwenye kioo cha mbele ikatokea nyota ndogo upande wa abiria, mpaka tunafika harusini imeota mguu mmoja mrefu hadi kwenye vipangusio.

Sikupiga kelele. Nilisimama pembeni penye usalama, nikapiga picha kioo, nikapiga picha barabara, namba ya lori sikuiwahi. Nikapiga simu siku ileile kutoa taarifa. Jumatatu nikaingia ofisini, binti akaandika namba ya gari, akageuza kioo cha kompyuta bila kuulizwa. Jina langu, lote, mpaka la babu. Bima yangu ina kipengele cha kioo cha mbele na kikomo chake, gharama ikawa ndani ya kikomo, akajaza fomu.

Akanyanyua simu kuongea na watu wa vioo, akaziba kwa kiganja akaniuliza, madam wanasema kipo cha IST, nikwambie waje wafunge?

Nikamwambia waulize kwanza namba yake inaanzaje.